Mshale Huja Mwisho

Saxton Pope alikuwa daktari mpasuaji wa San Francisco, na mafunzo yake ya uwindaji aliyapata kwa mgonjwa wake. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, alitokea mjini Oroville, California, mwezi Agosti 1911, baada ya kuishi mafichoni milimani na jamaa zake waliozidi kupungua tangu walowezi walipowavamia. Chuo kikuu cha jimbo hilo kilimpa makao katika jumba lake la makumbusho huko San Francisco, jirani na hospitali aliyofanyia kazi Pope. Daktari akamtibu, wakazoeana, na muda si muda wakawa wanachonga pinde pamoja.

Pope aliandika jinsi rafiki yake alivyojiandaa kumwinda ayala, mnyama anayefanana na swala, ila dume lake huota pembe zenye matawi ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka. Siku ya kuamkia mawindo, Ishi hali samaki wala havuti tumbaku. Alfajiri anaoga kijitoni, anajisugua kwa majani yanayonukia, anasukutua kinywa, anakunywa maji, na tumboni hatii kitu. Ukiyasoma hayo haraka utasema ni miiko tu, na huenda miiko ilikuwamo. Lakini yapange tena mbele yako: samaki, tumbaku, jasho, pumzi. Kila alichokiacha au kukiosha ni kitu chenye harufu.

Pua ya ayala ndiyo inayomshinda mwindaji. Macho yake hayaioni vyema rangi nyekundu, ndiyo maana Wamarekani wanaowinda kwa bunduki huvaa vizibao vya rangi ya chungwa kali wasije wakapigana risasi, na mnyama hashtuki. Pua haidanganyiki kwa urahisi huo. Kule Michigan msimu wa upinde hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, lakini anayeujua mwitu huwa ameshaanza kazi tangu kiangazi. Anatafuta mialoni iliyozaa mwaka huo, mahali pa kulala, mapito yaliyokanyagwa karibuni, na miti ambayo madume wameikwaruza kwa pembe. Kisha anachagua mti wa kufunga dungu lake kwa kufuata upepo, si kwa uzuri wa mandhari. Tena upepo wenyewe una tabia. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikipoa, hutiririka kuelekea bondeni kama maji. Dungu lililo zuri saa moja asubuhi linaweza kuwa bure kabisa saa kumi na moja jioni. Siku ambayo upepo umegeuka, mwindaji wa kweli hapandi. Anabaki nyumbani akipasua kuni, na nadhani hilo ni gumu kuliko kulenga shabaha, kwa sababu hakuna anayemwona akilifanya.

Halafu kuna kukaa. Ayala akishuku jambo hapigi mbio mara moja. Hupiga kwato chini, hungoja. Huinamisha kichwa kana kwamba amerudi kula, kisha hukiinua ghafla, amnase aliyedhani hatazamwi. Wengi huponzwa hapo: wameona kichwa kimeshuka, wakainua upinde. Mnyama anapiga chafya ya hofu, mkia mweupe unasimama, na pori zima limeshapata habari. Aliyeiva anangoja kichwa kishuke mara ya pili na ya tatu, na anavuta upinde pale tu jicho la mnyama linapopita nyuma ya shina la mti.

Ishi aliijua njia nyingine, ya kumfanya mnyama aje mwenyewe. Alikunja jani bichi la mti uitwao madrone, akalibana midomoni na kulifyonza hadi likatoa mlio wa mtoto wa ayala, na mama akasogea. Alivaa kichwa cha ayala kilichokaushwa, akachungulia nyuma ya jiwe, na wanyama wakaja kwa udadisi. Masafa yake ya kupiga yalikuwa kati ya hatua 10 na 50. Kwa shabaha za majani na karatasi, Pope na wenzake walimshinda, lakini porini hawakumfikia. Pope mwenyewe alikuja Tanganyika mwaka 1925 pamoja na mpiga upinde mwenzake Arthur Young kuwapiga simba kwa mishale, mwenzao Stewart Edward White akiwa na bunduki ya kuwakinga. Safari ile ilivuma sana, lakini jani la madrone linanivutia zaidi.

Hata mnyama akifika hatua 20, kazi haijaisha. Akikuelekea kifua, mfupa utauzuia mshale. Akiwa amekupa mgongo, utapita tumboni na kumtesa. Mwindaji anamtaka asimame ubavu, au akiwa amegeuka kidogo kwenda zake, mapafu yote mawili yakiwa njiani. Asipogeuka, anaachwa aende.

Na akipigwa? Mshale haumwangushi mnyama papo hapo kama watu wanavyodhani. Mwindaji huteremka taratibu, auokote mshale, asome damu. Nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu: ngoja nusu saa. Nyeusinyeusi ni ya ini: ngoja saa kadhaa. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa na kunuka, ni tumbo, na huenda ukangoja hadi kesho, maana ukimfukuza atakimbia maili nzima na kufia usikokujua. Kufuata damu usiku kwa taa, tone kwa tone, ukiweka alama kwenye kila jani, ni kazi ya magoti. Waislamu wana mafundisho ya zamani kuhusu jambo hili: Adi bin Hatim alimuuliza Mtume (s.a.w.) habari za mawindo, akafundishwa kutaja jina la Mungu anapoachia mshale, na kwamba mnyama aliyepotea siku moja au mbili huliwa iwapo hana alama nyingine ila ya mshale wako, na akikutwa amezama majini aachwe. Mwenye kupiga lazima awe na hakika na alichokifanya.

Kwa Ishi, ayala mmoja alikuwa zaidi ya nyama. Kano za miguu zilitafunwa zikalainika, zikasokotwa kuwa ugwe. Kano nyingine zilibandikwa mgongoni mwa upinde wa mreteni kwa gundi ya ngozi ya samaki. Ncha ya pembe ilitumika kuchonga vigumba vya mawe. Mawindo ya mwaka huu yalitengeneza silaha za mwakani.

Siku hizi kuna klabu yenye jina la Pope na Young, iliyoanzishwa mwaka 1961, inayoweka kumbukumbu za pembe za wanyama waliouawa kwa upinde. Dume la ayala wa mkia mweupe lenye pembe za umbo la kawaida huandikwa likifikisha alama 125, zinazohesabiwa kwa inchi. Vipimo hivyo ni vya uangalifu, na vina maana kwa wanaofuatilia afya ya wanyama. Ila vinampima ayala. Ukimkuta mtu ametoka msituni mwisho wa msimu, muulize kwanza mnyama alikuwa hatua ngapi, upepo ulitoka wapi, na alingoja muda gani kabla ya kuifuata damu. Ya pembe muulize baadaye.