Kothbiro Si Wimbo wa Matanga

Kwa muda mrefu nilidhani "Kothbiro" ni wimbo wa matanga. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, katika chumba cha hosteli cha watu wanne tulichoishi watu sita, na rafiki yangu mmoja kutoka Siaya alikuwa na tabia ya kuuweka kila akikosa usingizi. Nyatiti inaanza polepole, sauti ya mwanamume inapanda kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na kabla hujajua kinachoendelea umeshaanza kuwakumbuka marehemu wako. Mimi niliwakumbuka wangu. Usiku mmoja nikamuuliza ni nani huyo aliyekufa.

Jamaa alicheka hadi akaketi kitandani. "Hakuna mtu amekufa, wewe. Anaambia watoto mvua inakuja, warudishe ng'ombe nyumbani."

Sasa, mimi ni Mturkana wa Lokichar. Nimechunga mbuzi kabla sijajua kusoma. Kwamba kati ya watu sita chumbani ni mimi niliyelengwalengwa na machozi kwa sababu ya onyo la kawaida la mchungaji, nikidhani ni maombolezo, ni aibu ambayo sijaimaliza hadi leo. Haya makala yanatokana nayo.

Niliombwa niandike kuhusu zile albamu za mtu mmoja na gitaa lake ambazo hazizeeki. Unazijua. *Blue* ya Joni Mitchell, ya 1971. *Pink Moon* ya Nick Drake, ya 1972, dakika 28 tu. *Nebraska* ya Bruce Springsteen, ya 1982, aliyoirekodi nyumbani kwa mashine ndogo ya kaseti, halafu akaamua kuitoa vilevile. Nazipenda zote tatu, na nimezimalizia bando nyingi za usiku. Lakini nikiwa mkweli, albamu ya aina hiyo niliyoirudia zaidi tangu niache chuo na kurudi hapa haina gitaa mbele kabisa. Ni *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, iliyotolewa na Real World mwaka 1993. Jina lake ni Kijaluo, maana yake "ni mchanga tu". Mchanga tunao. Ukitoka barabara kuu ya Kitale kwenda Lodwar ukatembea dakika kumi upande wowote, utaelewa kwa nini niliitafsiri kwa sauti nikacheka peke yangu.

Ogada akiandikwa huandikwa kama mlinzi wa mila: mzee wa nyatiti, sauti ya kijiji, Afrika ambayo haijaguswa. Hapo ndipo mimi hutofautiana na watu. Huyu mtu alizaliwa Mombasa mwaka 1956, sehemu ya utoto wake akailelewa Chicago ambako baba yake alikuwa akisomea udaktari, akarudi Kenya na miaka ya sabini akawa kijana wa bendi za Nairobi kwa jina la Job Seda. Alikuwa Black Savage, bendi ya rock. Baadaye akawa African Heritage Band. Ukiitazama filamu ya *Out of Africa* ya 1985, yumo pia, anaigiza. Kijiji gani hicho?

Na "Kothbiro" yenyewe ilikuwepo kitambo kabla ya London. Black Savage waliirekodi mwaka 1976, Ogada akishirikiana kuitunga na James Mbarack Achieng. Itafute uisikilize kabla ya ile ya 1993. Ni bendi nzima, vijana wa mjini wenye nguvu zao, na wimbo unasukumwa mbele kama unachelewa mahali. Mwaka 1986 Ogada akaenda London na nyatiti yake, akawa anapigia abiria kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi ili apate riziki. Kutoka huko ndiko alikofika kwenye jukwaa la WOMAD na hatimaye studio za Real World za Peter Gabriel. Alipotoa albamu alikuwa anakaribia miaka 40. Wimbo ule ule, lakini bendi imeondoka. Zimebaki nyuzi nane na koo.

Kwa hiyo upole wa *En Mana Kuoyo* haukuokotwa kijijini. Ni wa mtu aliyekuwa na kila kitu cha kuongeza, akapunguza. Ukimsikiliza mpiga nyatiti wa kienyeji, mambo ni tofauti kabisa: anakaa kwenye kigoda kifupi, ana pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea ala yenyewe, ana njuga mguuni, na anakwenda mbio, anasifu, anataja watu, anatania, anaomba pesa. Ni kelele tamu sana. Ogada aliifahamu, na aliichuja. Nick Drake alipita njia hiyo hiyo. Albamu zake mbili za kwanza zina vinanda na vyombo vingi vya kumpamba, na ya tatu akaingia studio usiku wa siku mbili, yeye na gitaa na piano kidogo sehemu moja, akatoka. Nafikiri ndiyo sababu kazi hizi zinadumu kuliko za mtu aliyeanza na gitaa moja kwa sababu hakuwa na lingine. Unasikia nafasi ambazo vitu vilikuwa vimekaa.

Si kwamba nyimbo zote kumi zinashikilia. Katikati kuna mahali naona anazunguka pale pale, na nikiwa na haraka naruka. Lakini soma majina yake kwa Kiswahili: kuna wimbo wa nyumbani, kuna wimbo wa soko, kuna mchanga, halafu karibu na mwisho kuna "Ondiek", yaani fisi, na baada ya fisi inakuja mvua, na albamu imekwisha. Huyo ni mtu anayehesabu vitu ambavyo mfugaji anavifikiria akilala. Kuna hata wimbo unaoitwa "10%". Huku kwetu nambari hiyo ina historia yake: ndiyo asilimia ya mapato ya mafuta iliyotajwa kwanza kuwa ya jamii ya hapa, kabla haijapunguzwa kuwa 5. Ogada hakutuimbia sisi, najua. Lakini kila nikifika kwenye huo wimbo natabasamu vibaya.

Halafu kuna suala la filamu. Dunia ilimjua Ogada kupitia *The Constant Gardener*, ya 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Marsabit. Hadithi yenyewe inamuua mwanamke Mwingereza hapa kwetu Turkana, na mumewe anafuata nyayo zake. "Kothbiro" iko ndani ya filamu hiyo, na tangu hapo ukisoma maoni ya watu kuhusu wimbo huo, lugha ni moja: huzuni, kifo, machozi. Waliusikia nilivyousikia mimi hosteli. Wimbo wa Kijaluo wa kuwaonya watoto umegeuzwa maombolezo ya mgeni, kando ya ziwa ambalo watu wake hawaongei Kijaluo, na hakuna aliyeuliza maneno yanasema nini.

Nilitaka kukasirika, na kwa muda nilikasirika. Ila bila ile filamu, sijui kama rafiki yangu angekuwa na huo wimbo kwenye simu. *Pink Moon* nayo ilipata wasikilizaji wengi kwa sababu ya tangazo la gari la Volkswagen, karibu miaka 25 baada ya mwenyewe kufa. Nyimbo za namna hii husafiri kwa lifti, hazichagui dereva. Mwaka 2018 toleo la Black Savage lilipanda gari la Kanye West, ndani ya "Yikes", kwenye albamu iliyotoka tarehe 1 Juni. Tarehe 3 Juni, siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa hapa Turkana kuyafungulia njia malori ya kwanza ya mafuta ghafi kwenda Mombasa. Wiki hiyo Lokichar nzima ilizungumza malori. Hakuna aliyezungumza Kanye.

Turudi kwenye kosa langu, maana sikuwa nimekosea bure.

Watu wa mbali wakisikia "mvua inakuja" Turkana, wanafikiria furaha. Na kweli mvua ni kitu kikubwa kwetu. Mtoto akizaliwa inanyesha ataitwa Ekiru akiwa mvulana, Akiru akiwa msichana. Lakini mvua inayoua hapa si ile unayoiona. Inanyesha huko juu milimani, wewe uko chini kwenye laga kavu, jua kali, mbingu nyeupe, mbuzi wanakula matunda ya migunga, na maji yanateremka yakiwa ukuta wa matope na magogo. Anayejua ni yule aliye juu ya ukingo. Kazi yake ni kupiga kelele.

Nilikuwa na miaka kumi. Mjomba alikuwa juu ukingoni, alipiga kelele, sisi wavulana watatu tukatimua mbuzi. Wawili tulipanda. Binamu yangu alirudi kwa mwanambuzi mmoja. Tulimpata kesho yake, mbali huko chini, kwenye mikoma. Mjomba hakuzungumza sana baada ya hapo, na nakumbuka alichorudia ni kwamba aliita. Aliita, si mlisikia aliita?

Mwaka 2022, msimu wa mvua ulipokosa tena na mbuzi wa nyumbani wakaisha, karo nayo ikaisha, nikarudi. Naandikia watu mtandaoni mambo ya kila aina, kuanzia matangazo ya hoteli za Diani ambazo sijawahi kulala hadi makala kama haya. Jioni nachaji simu kwa sola ya jirani, naweka muziki kwenye spika ndogo. Nyanya yangu hukaa karibu, si kwa ajili ya muziki, ni kwa ajili ya upepo. Nyimbo zangu huzivumilia tu. Joni Mitchell aliwahi kumuuliza kama ni mgonjwa.

Usiku mmoja ikafika "Kothbiro". Akanyamaza, akauliza anaimba nini. Nikamwambia: anasema mvua inakuja, watoto warudishe ng'ombe.

"Inatoka upande gani?"

Nikasema hasemi. Akasikiliza tena, mkono shavuni. Karibu na mwisho akauliza, "Na hao watoto, mbona hawaitiki?"

Nimesoma maandishi mengi kuhusu Ogada, na hakuna lililonisaidia kama swali hilo. Kwetu mtu haimbi hewani. Mwanamume anatunga wimbo wa fahali wake, wake mwenyewe, hakuna mwingine mwenye huo, kwa hiyo ukitaka watunzi-waimbaji sisi tunao kila boma. Lakini hauimbi peke yako. Unatupa mstari, wenzako wanaudaka, wanapiga makofi, ardhi inatetemeka. Wimbo usioitikiwa ni dalili ya shida. Na hiyo 1993 ndivyo ilivyo. Mtu anaita, nyatiti inazunguka palepale kama inampa muda wa kujibiwa, anaita tena. Simsikii mtoto akisema tumesikia. Sisikii kengele ya ng'ombe. Mtu huyo alikuwa ameuimba wimbo huu na bendi, akiwa na vijana wenzake wa kumjibu, kisha akaubeba hadi chini ya ardhi London, ambako watoto wanaopita ni wa wengine na ng'ombe hawapo kabisa.

Hapo ndipo huzuni inapotoka. Haiko kwenye maneno. Maneno ni maagizo tu, ya kawaida kabisa, kama "funga mlango". *Blue* inaniambia jinsi mwimbaji anavyojisikia, na inaniambia vizuri sana, lakini nikishaelewa nimeelewa. Ogada hanielezi anavyojisikia hata mara moja. Ananipa kazi ya kufanya, na mimi niko umbali usiofaa kuifanya. Hilo siwezi kulizoea hata nikirudia mara mia.

Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa sawa, hakuna mtu amekufa kwenye huo wimbo. Bado. Mimi niliusikia kwa masikio ya mtu anayejua kinachofuata mwito ukichelewa au ukipuuzwa kwa ajili ya mwanambuzi mmoja, na sikujua kwamba nilikuwa najua.

Ogada alifariki Februari 2019, Nyahera, Kisumu, akiwa amerudi nyumbani miaka mingi. Kama hujawahi kuisikiliza *En Mana Kuoyo*, anza na ile ya Black Savage ya 1976, kwa sauti kubwa, kisha ngoja hadi usiku. Usitumie vipokea sauti vya masikioni. Weka spika nje.

Wiki iliyopita nilimtumia yule jamaa wa Siaya ujumbe, kumuuliza kama kuna mahali popote kwenye wimbo huo, neno ambalo sikulipata, watoto wanamjibu mwimbaji. Akanitumia sauti baada ya saa mbili, kelele za matatu nyuma yake. Alisema ameusikiliza tena wote, hapana, hawajibu. Kisha akauliza kama huku tumepata mvua.

Nikamwambia bado.