Kuni, Njaa na Jirani: Tathmini ya Michezo Miwili ya Kunusurika

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuona kurasa zake zikitolewa kwa michezo ya kompyuta, jambo ambalo wengi wetu katika utumishi tumezoea kulikemea kuliko kulichunguza. Hata hivyo vijana wa sharika zetu huicheza, na wako wanaokaa nayo kwa saa nyingi kuliko wanavyokaa na mahubiri. Mwalimu wa dini asiyejua mwanafunzi wake anafundishwa nini mahali pengine atabaki akijibu maswali ambayo hakuulizwa. Katika makala haya tunakusudia kupima michezo miwili inayomhusu mtu anayejitahidi kubaki hai porini au njiani. Tunaipima tukiziangalia nyanda za juu za Kigoma, hususan Kibondo na Kasulu, ambako maelfu ya watu wamefika kwa miguu wakiwa hawana kitu ila roho zao.

Mchezo wa kwanza, nao ndio tutakaokaa nao zaidi, ni The Long Dark. Ni kazi ya Hinterland, kampuni ndogo na huru ya Kanada iliyoanzishwa na Raphael van Lierop. Walichangisha fedha kwa watu wa kawaida mwaka 2013, wakaanza kuuza mchezo mwaka 2014 ungali haujakamilika, na toleo kamili likatoka Agosti 2017. Mchezaji hujikuta katika kisiwa cha kubuniwa huko kaskazini mwa Kanada, wakati wa baridi kali, baada ya mng'ao wa ajabu angani kuzima umeme na mitambo yote. Hakuna mazimwi wala majeshi. Kuna baridi, uchovu, kiu na njaa, na kila kimoja kina kipimo chake kinachopungua saa kwa saa. Theluji sharti iyeyushwe na kuchemshwa ndipo ifae kunywewa. Kiberiti huhesabiwa njiti kwa njiti. Katika ile sehemu ya kunusurika, awali mchezaji akifa alikuwa amekufa: kumbukumbu ya safari yake ilifutwa, wala hakuweza kurudi nyuma kusahihisha kosa.

Ubora wa kwanza wa mchezo huu ni kwamba unauheshimu mwili. Wanafunzi wetu hujibu vizuri katika mtihani kwamba mwanadamu ni kiumbe, tena dhaifu. Lakini kulijibu swali na kulihisi jibu ni mambo mawili. Anayecheza hutambua upesi kwamba ushujaa haupashi miguu joto. Ubora wa pili ni mkubwa zaidi, nao haukutajwa vya kutosha na wale waliousifu mchezo kwa uzuri wa picha zake. Dhoruba ndani yake haimwadhibu mtu kwa dhambi yake, na mbwa mwitu hakutumwa na yeyote. Ana njaa tu. Rafiki za Ayubu wasingepata la kusema humu. Katika nchi ambayo radi ikimpiga mtu baadhi yetu huanza kumtafuta jirani aliyeituma, na anayetajwa mara nyingi ni bibi kizee asiye na mtetezi, mchezo unaoacha radi iwe radi una faida ambayo mchungaji hapaswi kuidharau.

Kasoro ndogondogo zipo. Mbwa mwitu wa kisiwa hiki huwashambulia watu kupita kiasi, na kisingizio cha kwamba mng'ao wa angani umewachafua akili hakitutoshelezi. Kwa muda mrefu wachezaji hodari walishinda na njaa mchana kutwa kwa makusudi, wakala kidogo kabla ya kulala, na asubuhi mwili ukawa umepona. Yaani njaa ilikuwa hila yenye faida. Watengenezaji waliona aibu ya jambo hilo, wakaweka nyongeza ya nguvu kwa anayekula bila kukosa siku kadhaa mfululizo. Tunawapongeza.

Ujuzi nao hupatikana kwa njia ya ajabu. Mchezaji husoma kitabu saa kadhaa, au hurudia kazi ileile akiwa peke yake, mpaka apande daraja. Akifika daraja la juu kabisa la upishi, hata chakula kilichooza hakimdhuru tena akikipika. Mama yeyote wa Kibondo angecheka. Mvua za kwanza zinaponyesha katika miombo ya Kasulu na Kibondo, uyoga huchipua wa kila namna, wa kuliwa na wa kuua. Mtoto huujua uyoga kwa kutembea nyuma ya bibi yake, naye bibi haachi kuogopa uyoga hata awe na umri gani. Hakuna daraja ambalo mtu akilifikia sumu humwachia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye udhaifu mkubwa, nao tunaweza kuuona kwa kuzitazama kuni. Katika mchezo, vijiti hulala chini vikimngoja mpita njia, na tawi lililoanguka hukatwa kwa shoka. Mti ulio hai haukatwi, nalo ni jambo jema. Lakini hakuna anayeuliza: hizi ni kuni za nani? Msitu wote hauna mwenyewe. Watu waliokuwamo ama wameondoka ama ni maiti zilizoganda, ambazo mchezaji huzipekua mifuko bila maswali.

Ilhali Kibondo na Kasulu swali la mwenye kuni limekuwa la uhai na kifo. Warundi walimiminika wilayani humo katika miaka ya 1990. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ilipokea tena Warundi wengi, hata kambi ya Nduta ikabidi ifunguliwe upya mwaka huohuo. Kila kaya ilihitaji moto ili kupika mahindi na maharage ya mgawo. Wanawake na wasichana walitembea mbali kuokota kuni; wako waliopigwa, na wako waliobakwa huko porini. Wenyeji nao waliona miombo yao ikiisha, misitu walikotundika mizinga ya nyuki na kuchimba dawa, wakalalamika, wala malalamiko yao hayakuwa ya uongo. Mjane wa Sarepta alipokutwa na Eliya alikuwa akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe. Mgeni akamwomba na yeye ale. Kisa hicho kinafahamika Nduta bila mfafanuzi, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji, ingawa kila mmoja hujiona kuwa ndiye mjane na mwenzake ndiye mgeni.

Martin Luther alipolieleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye chakula na mavazi. Aliendelea kutaja nyumba, hali nzuri ya hewa, amani, serikali njema, na hatimaye marafiki wema na majirani waaminifu. Wanakipaimara wetu huikariri orodha hiyo mbiombio bila kuona ajabu yake: jirani amewekwa ndani ya mkate. The Long Dark inaujua mwanzo wa orodha kuliko mhubiri yeyote tuliyemsikia. Mwisho wake, ile sehemu ya kunusurika haiujui kabisa, na mchezaji anayeshinda humo siku mia tano anajifunza kwamba usalama ni kukosa watu.

Haki inatudai tuseme kwamba sehemu ya hadithi, iliyoanza kutoka mwaka 2017, inalisahihisha jambo hili mahali pawili. Katika mji wa Milton rubani Mackenzie anamkuta kikongwe kipofu aitwaye Grey Mother, asiyemwamini mgeni, na imani yake haipatikani ila kwa kumletea chakula na kuni. Kisha katika sehemu ya tatu, ya mwaka 2019, daktari Astrid anawatafuta majeruhi wa ndege iliyoanguka, anawabeba mgongoni mmoja mmoja, na kuwafikisha katika ukumbi ambamo padre mmoja, Father Thomas, anawahudumia. Anapobeba mtu mwendo wake hupungua na hatari huongezeka. Kwa mara ya kwanza mzigo uliobebwa si akiba ya mchezaji mwenyewe. Tungemshauri mwanafunzi mwenye saa chache aanzie hapo.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo halikutuacha. Mchezaji akikaa ndani ya nyumba siku nyingi mno hupatwa na maradhi ya kufungiwa, asiweze kulala mpaka atoke nje. Watengenezaji walifahamu kwamba ukuta unaookoa mwili waweza kuuharibu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi apate kibali ndipo atoke kambini, na wako waliozaliwa na kukomaa chini ya masharti hayo. Kwao hapakuwa na kipimo cha kuonyesha maradhi hayo.

Mchezo wa pili unatoka karibu nasi. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza mwenyewe kutengeneza michezo, akabuni Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards. Mchezaji hushika nafasi ya mkimbizi akikimbia risasi na kutafuta maji. Nguvu zikimwishia, mchezaji sharti anunue chakula, maji au dawa kwa fedha halisi, na mpango wa Mayen ulikuwa fedha hizo ziwafikie wakimbizi walioko makambini kupitia mashirika yanayowahudumia.

Kuna mwenzetu aliyepinga kwamba huruma ya namna hii si huruma, kwa maana mtu hutoa ili mchezo wake usikatike. Hoja hiyo ina uzito, ila haitushindi. Luther alifundisha kwamba matendo mema hayahitajiwi na Mungu, yanahitajiwa na jirani. Na jirani mwenye njaa hamhoji aliyeleta unga kuhusu usafi wa nia yake. Upungufu wa Salaam tunauona kwingine. Hapa pia anayekimbia ni mmoja, na wanaosaidiwa wako mbali, nje ya mchezo, hawana sura. Ilhali Mayen mwenyewe hakufika alipofika hivyo. Mama yake, akiwa kambini, aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka zikatimia dola zipatazo 300, akamnunulia kompyuta ambayo yeye hakuwa na matumizi nayo. Na kijana alitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Tungependa kuona mchezo ambao ndani yake mchezaji ni mama huyo, na kila sarafu anayoiweka ni chakula ambacho jioni ile hakukinunua.