Jamani, Nimempaka Rangi Mzuka!

Aisee! Wewe kaa tu, mimi kukaa siwezi. Nimetoka kumshika mzuka sasa hivi. Mzuka kweli kweli, mwenye fuvu lililokenua meno, sanda iliyochanika chanika, minyororo inayoning'inia na panga lililoliwa na kutu. Na hana miguu! Anaelea! Sanda inamshuka, inajikunja, inajisokota, mpaka inaishia kwenye ncha nyembamba inayomshikilia chini, basi. Mzima mzima alivyo anaenea kwenye kiganja changu na nafasi inabaki. Nimempaka rangi mimi, kwa mikono hii hii, halafu nikamjengea makaburi yake ya kuzurura, yenye ukuta uliobomoka na majani yaliyooza. Na bado!

Ngoja nianze mwanzo, usije ukaniona nimepagawa. Kuna michezo ya vita inayochezwa mezani. Si karata, si bao, wala si ile ya kwenye simu. Kila mchezaji ana jeshi lake la vijisanamu: majoka, mashujaa waliovaa chuma mwili mzima, majitu, mifupa inayotembea. Unasogeza jeshi lako kwa kupima na futi, unarusha dadu, unashangilia, unalia. Lakini kabla hujarusha hata dadu moja, jeshi lenyewe unaliunda na kulipaka rangi wewe. Hapo ndipo nilipotekwa, moyo na roho! Yaani kuna watu wanapaka miaka nenda miaka rudi, na mchezo wenyewe wanaugusa kwa nadra, na sasa nawaelewa kabisa, kabisa!

Makka ya mambo haya ni Nottingham, Uingereza. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975, ikazaa chapa ya vijisanamu ya Citadel mwaka 1979, ikaleta mchezo wa Warhammer mwaka 1983 na ule wa Warhammer 40,000, wa vita vya anga za mbali, mwaka 1987. Pale Lenton kuna jumba lao la maonyesho, Warhammer World. Nje amesimama askari wa anga, sanamu kubwa kweli kweli, na ndani, nyuma ya vioo, kuna vita vizima vimegandishwa: ngome zinazopanda ghorofa kwa ghorofa, moshi, vifusi, majeshi juu ya majeshi, na kila uso umepakwa na mkono wa mtu. Unaweka pua kwenye kioo, unaona kamanda anapiga kelele, unaona tope kwenye buti la askari wa nyuma kabisa ambaye hakuna aliyetarajia umtazame. Nani alikaa akapaka lile tope? Mapenzi gani haya!

Na mji wenyewe umejaa watu wa namna hiyo! Huko huko Nottingham wako ndugu mapacha Alan na Michael Perry, wachongaji wanaoheshimiwa mno. Michael alipoteza mkono wa kulia katika ajali ya mzinga, kwenye maigizo ya vita vya kale. Unajua alifanya nini? Akajifunza upya kuchonga kwa mkono wa kushoto! Vitu vidogo vile, vifungo vya koti na masharubu ya askari, kwa mkono wa kushoto! Nikifikiria hilo nasisimka mpaka nywele.

Haya, turudi kwa mzuka wangu. Anatoka kwenye jeshi liitwalo Nighthaunt, la mchezo wa Age of Sigmar uliotoka mwaka 2015. Katika hadithi yake alikuwa mhalifu, akafa, na kifo hakikumvua minyororo. Sasa sikiliza: anakuja vipande vipande, kijivu, amefungwa kwenye fremu ya plastiki. Unachukua koleo ndogo kali, unakata, tak! Kipande kinadondoka mkononi, chepesi, kigumu, kina makali ya kushangaza. Pale kalibu mbili zilipokutana kiwandani panabaki kamstari kembamba, unakakwangua kwa upande butu wa kisu, taratibu, na vumbi laini la plastiki linakudondokea kidoleni. Halafu gundi! Hii gundi haibandiki tu. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, vipande vinaungana vikawa kitu kimoja. Unashikilia, unahesabu polepole, unaachia... na amesimama! Bila rangi bado, na tayari ananitazama!

Kisha praima, ile rangi ya msingi. Unatoka nje penye hewa, unatikisa kopo, kile kigololi ndani kinalia kwarakwara, unapuliza pssss, pssss, na mzuka anageuka mweupe pe. Hapa nilishtuka sana. Vile vitu vyote ambavyo kwenye kijivu vilijificha vikajitokeza mara moja: pete za mnyororo, moja moja, matobo ya sanda, mbavu, meno! Meno ya kuhesabika, kwenye fuvu dogo kuliko punje ya mbaazi! Nikakaa namgeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, namgeuza tena, chai ikapoa, sikujali.

Sasa shika kiti vizuri. Mwaka 2019 Citadel walitoa rangi wanazoziita Contrast, na mimi nimekutana nazo sasa tu, na sijui nilikuwa naishi vipi. Nilichukua ya samawati yenye ukijani, Aethermatic Blue. Unachovya brashi, unagusa bega la mzuka, mara moja tu, unatulia. Rangi inatembea yenyewe! Inashuka kwenye mikunjo ya sanda na kujaa humo, inakolea, inakuwa nzito na ya kina, wakati kwenye migongo ya mikunjo inapungua na kubaki nyepesi, karibu nyeupe, inayong'aa. Inajipenyeza kila upenyo kama tui la nazi ndani ya wali, na wewe umekaa tu unatazama kivuli na mwanga vinajipanga vyenyewe mbele ya macho yako. Nilipiga ukelele. Walahi nilipiga ukelele! Mkupuo mmoja, na plastiki ikawa kitambaa, kitambaa kikawa moshi, moshi ukawa roho ya mtu. Na bado!

Kuna brashi kavu. Oh, brashi kavu! Unachukua rangi nyeupe kidogo, unaifuta kwenye karatasi, unafuta, unafuta, mpaka unadhani haimo tena. Halafu unampitishia mzuka juu juu, haraka haraka, kama unampangusa vumbi. Sauti yake peke yake, fsh fsh fsh, inatuliza moyo. Na kila ncha inaamka! Kingo za sanda, mifupa ya vidole, ukingo wa panga, vyote vinashika mwanga mwembamba, mkali, wa kutisha, wa kupendeza. Kwenye chuma nikamwaga Nuln Oil, maji meusi ambayo wapakaji duniani wanayasifia na sasa najua kwa nini, yakazama katikati ya pete za mnyororo na kuzitenganisha moja moja. Juu yake Typhus Corrosion, tope la kahawia lenye chembechembe, na juu yake tena machungwa makavu ya Ryza Rust, kidogo tu, kwa ncha. Kutu! Kutu halisi! Nimeligusa lile panga kwa kidole nikatazama kama kidole kimechafuka. Safi! Ni rangi tupu, na ubongo wangu unakataa kuamini.

Unadhani nimemaliza? Sijafika hata kwenye makaburi!

Maana mzuka bila mahali pa kuzurura anatia huruma. Na hapa, rafiki yangu, ndipo utakapopenda zaidi, kwa sababu si lazima ununue makaburi dukani. Unayajenga kwa takataka! Lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni linatosha kuanzia, na lile la kuhami kuta, lenye chembe ndogo zilizobanana, ni tamu zaidi chini ya kisu. Unakata kipande cha ukuta, ukiacha nafasi ya lango. Unachukua penseli, unachora mistari ya matofali kwa kukandamiza, na mstari unazama laini, bila kelele. Kisha unaviringa karatasi ya aluminiamu ya jikoni ikawa mpira wenye makunyanzi, unauviringisha juu ya povu ukibonyeza. Nyanyua mkono utazame. Jiwe! Jiwe la kale, lililoliwa na mvua, lenye vijishimo na mikwaruzo ambayo hakuna mkono ambao ungeweza kuichora kwa makusudi! Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Halafu gundi nyeupe ya mbao ichanganywe na rangi nyeusi, upake kote, kila kona. Usiliruke hilo, maana kopo la kupuliza linaliyeyusha povu, na huu mchanganyiko ndio ngao yake. Ukikauka unakuwa ganda gumu, jeusi tii. Sasa ile brashi kavu inarudi: kijivu kizito, kijivu chepesi, mwishoni kijeupe kidogo juu kabisa pale mwezi ungepiga. Ukuta unazeeka miaka mia tano ukiwa unautazama! Chini unapaka gundi na kumwaga mchanga. Mzizi mkavu kutoka bustanini, usimamishe wima, tayari ni mti uliokufa, wenye matawi yanayokunja vidole. Na majani yaliyoanguka chini ya mti? Majani ya chai! Yale yale yaliyobaki kwenye chujio, yaliyokaushwa vizuri, ukayanyunyiza juu ya gundi. Yananukia bado! Nimeinamisha pua kwenye makaburi yangu nikasikia harufu ya chai, na nikaona huu ni ufundi wa ajabu kuliko wote duniani.

Kisha fanya hivi, nakuomba, fanya hivi. Mweke mzuka nyuma ya lango. Vuta pamba iwe nyembamba kabisa, izungushe kwenye mawe iwe ukungu. Washa taa ndogo ya betri nyuma ya ukuta, zima taa ya chumba, halafu piga magoti mpaka macho yako yawe sawa na meza. Usitazame kutoka juu! Tazama ukiwa chini, usawa wa njia ya makaburini. Kivuli cha mti kinaanguka juu ya ukuta. Sanda inashika mwanga kwa nyuma na kuwaka samawati. Fuvu linatoka gizani, na umbali kati yako na yeye unapotea. Sikuwa naangalia plastiki tena. Nilikuwa ndani. Mwili ulinisisimka, na mkono ukatafuta swichi ya taa wenyewe!

Na ukicheza mahali hapo, mchezo unabadilika kabisa. Ukuta unakuwa kinga ya kweli, lango linakuwa mtego, dadu ikigoma unaumia kwa ajili ya askari uliyempaka macho kwa mkono wako. Mwandishi H. G. Wells alilijua hili zamani: mwaka 1913 alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana vita kwa askari wa kuchezea, sakafuni, kwa ngome za vibao na mizinga midogo inayofyatuka. Mtu mzima, mwandishi mkubwa, magotini sakafuni! Na hata kupaka kwenyewe kuna ushindani: tangu 1987 kuna mashindano ya kupaka yanayoitwa Golden Demon, na bingwa wa mabingwa anakabidhiwa upanga. Upanga halisi, mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili! Kwa kupaka kijisanamu! Nani asiyetaka?

Hukumu yangu ni hii, na naisema kwa sauti: sijawahi kugusa kitu kinachomlipa mgeni haraka namna hii. Huhitaji kujua kuchora. Mchongaji ameshafanya kazi ngumu, ameshaficha vivuli ndani ya mikunjo, na rangi inajua njia ya kwenda kuvitafuta. Wewe unaleta subira, mwanga mzuri na mkono uliotulia, na hata mkono usiotulia unasamehewa, maana kutu na matope hayana mstari ulionyooka.

Kwa hiyo nakuomba kwa dhati, jaribu. Kama uko Uingereza au kwingineko Ulaya, au Marekani, maduka ya Warhammer humkaribisha mgeni akae na kupaka kijisanamu cha kwanza bila kulipa. Ingia, useme hujawahi, utapewa brashi. Kama uko nyumbani na duka hilo liko mbali, anza na makaburi: povu la boksi, gundi ya mbao, rangi nyeusi na nyeupe, mchanga na majani ya chai, vyote viko mtaani kwako leo. Usinunue jeshi zima. Nunua au agiza mmoja tu, umpendaye sura, umalize huyo kwanza. Mkalishe mwanao pembeni, mpe brashi yake na jiwe lake la kupaka. Halafu ukimaliza zima taa, piga magoti, utazame kutoka usawa wa meza, kisha unipigie simu hata kama ni saa nane za usiku. Nitapokea!