Mzizi na sukari: tukionja munkoyo wa Lubumbashi

Kila mara tunapoandika juu ya mila zetu, vinywaji vinapata mistari miwili tu: wazee walikunywa munkoyo kwenye ndoa na kwenye matanga. Kisha tunaendelea na ngoma. Hakuna anayesema kama munkoyo ule ulikuwa mzuri ao mubaya. Mwimbaji tunamhukumu, mchongaji tunamhukumu, hata mhubiri tunamhukumu akitoka tu kanisani. Lakini mama anayepika pombe tunamsifu bila kuonja ao tunamdharau bila kuonja, na sisi watu wa shule tuko mbele katika hayo yote mawili. Kwa hiyo tuliamua kuonja.

Tulikwenda kwa miguu, siku ya posho, tukifuata komini tatu: Kamalondo, Kenya, Katuba. Kwa gari hautaona kitu. Viwanda hivi havina kibao; alama ni meza ndogo mbele ya lupango, kopo zimefunikwa juu yake, na moshi wa makala nyuma ya nyumba. Tena kutembea kunapumzisha ulimi kati ya kopo na kopo.

Kabla ya kuhukumu, tuelewe kazi yenyewe. Bunga ya mahindi haiwezi kuwa pombe vile ilivyo. Chachu inakula sukari, haili wanga. Lazima kwanza kitu kigeuze wanga kuwa sukari. Kwenye kiwanda kikubwa kinachotengeneza Simba na Tembo, kazi hiyo inafanywa na shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Kwa kibuku, ni nafaka ya kuota pia, mtama, ulezi ao mahindi. Kwa munkoyo, ni mzizi wa porini, wa jamii ya maharagwe. Mama anapika uji, anauacha upoe kiasi, anatia mzizi uliopondwa mpaka umekuwa kama nyuzi, na uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa maji na utamu unaingia. Uji ukiwa wa moto sana, nguvu ya mzizi inakufa; ukiwa umepoa sana, nguvu hiyo inalala. Hakuna kipimo isipokuwa mkono wa mama. Siku ya kwanza ni tamu, batoto wanakunywa. Ukikaa unachachuka, na kiisha unakuwa pombe ya watu wakubwa. Hiyo ni kemia, ndugu zetu, na ilifanywa hapa kabla ya mtu yeyote kutuandikia neno hilo ubaoni.

Munkoyo pia hauulizi paspoti. Reli ilipofika mwaka wa 1910 na mji ukaanza kujengwa, Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mpaka sasa neno munkoyo linaeleweka pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo anayetaka kuufanya mali ya kabila moja tu, ajaribu kwanza kuwaeleza watu wa Kitwe.

Kamalondo tulipewa munkoyo katika chupa ya plastiki, baridi sana, mweupe, safi kwa macho. Kijana aliyetuuzia alikuwa na heshima na chenji yake ilikuwa tayari. Lakini baridi inaficha makosa. Tuliacha chupa ipate joto kidogo, ndipo ukweli ukatoka: sukari ya dukani inafika mbele ya ulimi na kukimbia, na nyuma yake unabaki uji, mzito, wa unga usiovunjika. Harufu ya udongo hakuna. Uchungu ule mdogo wa mzizi hakuna. Hatusemi kwamba ni sumu wala kwamba ni uchafu. Tunasema tu si munkoyo. Ni uji wa sukari uliovaa jina la mwingine.

Kenya tulikunywa kibuku katika kopo ya plastiki, tukikaa kwenye bidoni zilizogeuzwa. Hapa kuna ufundi. Uchachu ulikuwa safi, haukuchoma koo, na mbegu zilisagwa vizuri kiasi kwamba hazikubaki kwenye meno. Kosa moja: chungu kiliungua chini, na ladha ya moshi ilifuata mpaka mwisho. Mama mwenyewe alikubali kabla hatujasema. "Mwalimu, leo moto ilinishinda," alisema, na akaongeza kopo bila malipo. Ni nani kati ya wakubwa wetu wa viwanda anasema vile?

Lutuku tuliipita. Inatoneshwa, ni kali, na kwa nyumba nyingi imeleta machozi. Anayetaka kuisifu kama mila, aandike yeye.

Katuba ndipo tulikaa muda mrefu. Munkoyo wa mama yule ulikuwa wa siku ya pili, rangi ya udongo mwepesi, mwembamba, wala haukuwa baridi. Kwanza unakuja uchachu, kisha utamu unaochelewa, na mwishoni harufu ya mti uliokatwa sasa hivi. Utamu unaochelewa ndio alama yake. Sukari ya dukani haijui kungoja. Tulimuuliza juu ya mzizi. Alituonyesha fungu kavu lililofungwa kwa kamba, akacheka kidogo:

"Mizizi njo munkoyo, papa. Sasa inatoka mbali. Zamani banatuletea na miguu, sasa paka na kamio."

Hapo pana jambo lenye uzito kuliko ladha. Pori la miombo linalozunguka mji linakatwa kwa ajili ya makala, na mahali pengine linafunguliwa kwa migodi. Mzizi wa munkoyo haupandwi shambani. Unachimbwa, na kuuchimba kunaweza kuua mmea. Ukipungua, bei inapanda. Bei ikipanda, kilo ya sukari inakuwa njia fupi. Mama wa Kamalondo si mwizi wa mila. Anapiga hesabu ya soko. Tunayemlaumu zaidi ni sisi wenyeji wa vyama vya utamaduni, tunaoleta kibuyu kizuri kwenye sikukuu, tunapiga picha, na ndani ya kibuyu mna uji wa sukari. Katika sikukuu tulizohudhuria, hatukusikia hata mtu mmoja akiuliza mzizi ulichimbwa wapi, ao kama kuna mtu anayejaribu kuuotesha kwa mbegu.

Kwa walimu wa biolojia tuna pendekezo dogo. Pikeni uji mmoja, mugawanye katika vikombe viwili, katika kimoja mutie mzizi, mungoje saa chache. Kisha tieni tone moja la iodi ya farmasi katika kila kikombe. Iodi inageuza wanga kuwa buluu nyeusi. Rangi ya kikombe chenye mzizi itakuwa hafifu kuliko ya kingine, na batoto wataona kwa macho kazi iliyofanyika. Bila shaka vikombe hivyo vitamwagwa. Munkoyo wa kunywa, waagize Katuba mapema: ilipofika saa sita, pipa la yule mama lilikuwa tupu.