Kilima Kisicho na Miti

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukitoka Likasi kwenda Kolwezi kwa barabara, msitu wa miombo unakuzunguka pande zote mpaka unapokaribia Fungurume. Hapo, mahali ambapo machimbo hayajafika, utaona vilima vyenye upara. Miti inakomea chini, na juu zinabaki nyasi fupi na maua. Udongo wa vilima hivyo una shaba nyingi mno, mizizi ya miti haiivumilii, isipokuwa mimea michache iliyoizoea sumu hiyo. Mmojawapo ni Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya mnanaa, ambao watu wa madini wanauita ua la shaba. Wahunzi wa Katanga walivijua vilima hivi karne nyingi kabla ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Walichimba hapo na kuyeyusha shaba, wakaimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha. Wanajiolojia waliokuja baadaye walipita palepale wahunzi walipokwisha kupita.

Natamani kila kijana wa mkoa wa Lualaba anayeanza kutengeneza gemu ya kuigiza wahusika avitazame vilima hivyo vizuri kabla hajawasha kompyuta. Hazina imefukiwa, hakuna kibao wala mshale, lakini ardhi yenyewe inamwambia mwenye macho: njoo hapa. Hiyo ndiyo kazi ya mchora ramani wa gemu, na kwangu mimi ni kazi ya heshima kubwa. Anamwongoza mtu asiyemwona, huku yule mtu akiamini kabisa kwamba njia ameichagua mwenyewe.

Ramani ya kwanza ya mwanagenzi karibu kila mara huwa na sura moja. Anafungua programu ya RPG Maker, anataka dunia pana, anaweka vigae, yaani miraba midogo inayounda ramani, mia kwa mia. Anamwaga kijani kila mahali, kisha anatawanya miti kwa nafasi zilizo sawasawa. Nyumba zinapangwa na barabara inanyooshwa kutoka ukingo huu hadi ule. Mchezaji anatembea na kutembea asikutane na kitu. Ukimuuliza mtengenezaji kwa nini mto umepita pale, atasema ulipendeza pale. Toleo la MV la programu hiyo hukupa, kabla hujagusa chochote, ramani ya vigae 17 kwa 13, yaani kiasi kinachojaa kwenye kioo mara moja. Wengi huipuuza na kuipanua papo hapo. Mimi ningemwambia anayeanza abaki nayo. Kijiji cha kwanza kinatosha humo: kisima, nyumba tatu, mti mmoja wenye kivuli, na kijia kinachopinda kwa sababu.

Sababu ndiyo nyama ya jambo hili, na Kolwezi inazo tele. Mji huu uliwekwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na mpaka leo madini ndiyo yanayoamua mguu upite wapi. Barabara inakwenda vizuri, ghafla inakata kona, kwa kuwa mbele kuna shimo la wazi. Shimo la KOV limepata jina lake kwa kuunganisha Kamoto, Oliveira na Virgule. Ukilisikia jina hilo tu unajua kwamba machimbo yalipanuka mpaka yakakutana. Vilima vingine unavyoviona havikuumbwa na Mungu, ni vifusi vilivyotoka katika mashimo hayo. Na kambi za wafanyakazi zilijengwa kwa safu zilizonyooka, nyumba moja nakala ya nyingine. Kwa hiyo sikubaliani na wanaofundisha kwamba mistari iliyonyooka ni kosa katika ramani. Mstari ulionyooka unasema kwamba mtu fulani alitoa amri. Kijia kinachopinda kinasema watu walipita hapo miaka mingi wakikwepa tope. Weka vyote viwili katika ramani moja, kambi ya safu upande huu na kijiji cha vijia upande ule, na mchezaji atajua nani alitawala wapi kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo.

Lakini walimu wakubwa kuliko wote wa ufundi huu walikuwa mbele zaidi, huko mto Lualaba unakotiririkia. Ukiufuata kutoka bwawa la Nzilo, karibu na Kolwezi, kuelekea kaskazini unafika kwenye maziwa ya Upemba na Kisale, na kwenye nchi ya Waluba. Hapo chama cha Mbudye kilitunza historia ya ufalme kwa kifaa kiitwacho lukasa. Ni ubao wa kushika mkononi, umebanwa kiunoni, uso wake umepigiliwa shanga na wakati mwingine makombe, mgongo wake umechongwa kama gamba la kobe. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akisimulia au kuimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Safu ya shanga inaweza kuwa njia au safari. Umbali wa kweli kati ya sehemu mbili haukupimwa. Kilichopewa nafasi ni tukio: nani alikutana na nani, wapi palivukwa maji, wapi pana mwiko.

Anayeanza kuchora ramani za gemu akilielewa hilo, nusu ya matatizo yake imekwisha. Kati ya kijiji na pango hahitaji kuweka umbali wa kweli wa nchi. Anahitaji shanga: daraja lililovunjika, mzee aliyeketi, alama za magurudumu. Palipo na shanga, kidole kinasimama. Pasipo na shanga, punguza vigae.

Na visa vyenyewe havina upungufu. Masimulizi ya Waluba yanasema mfalme Nkongolo, alipomwonea wivu mpwawe Kalala Ilunga, alichimba shimo uwanjani, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mikeka, kisha akamwalika kijana aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo. Ilunga akachoma mkeka kwa mkuki wake, shimo likafichuka, akakimbia na kuvuka Lualaba. Hebu tazama ramani iliyomo humo. Uwanja ni wa wazi, kwa hiyo mtu anajiona yuko salama. Kigae kimoja kina rangi tofauti kidogo na jirani zake. Sauti inabadilika kadiri unavyokisogelea. Njia ya kutoka ni moja, nayo inaelekea mtoni. Sijaona somo la kuweka mtego katika gemu linaloshinda hili.

Wajapani waliolea aina hii ya gemu walifika palepale kwa njia yao. Katika Dragon Quest ya mwaka 1986, mchezaji anapotoka tu kwenye ngome ya mfalme anaiona ngome ya adui ng'ambo ya maji. Iko karibu, na haifikiki. Safari nzima inayofuata ni kuzunguka ili kufika pale macho yalipofika siku ya kwanza. Mwaka huohuo ilitoka The Legend of Zelda ya Shigeru Miyamoto, ambaye ameeleza mara nyingi kwamba ilizaliwa na matembezi yake ya utotoni katika milima na mapango ya Sonobe, karibu na Kyoto. Na hapa Afrika, mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, gemu iliyojengwa juu ya hadithi za Kiafrika. Lualaba nayo ina mapango, na ina watoto waliotembea.

Ina pia Kasulo, na hapa sharti niseme kwa uzito. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya mtaa huo wa Kolwezi kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Watu wakachimba uani, wakachimba hadi ndani ya nyumba, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Kwa mchora ramani picha hiyo inavuta: sebule, zulia, shimo, na chini yake dunia nyingine. Aichore, ni haki yake kuliko mtu yeyote wa mbali. Ila humo chini wamefia watu. Basi asilijaze handaki hilo mazimwi ya kuuawa kwa alama kumi kumi. Alifanye liwe jembamba, aweke viatu pembeni ya shimo, na juu amweke mtu anayengoja.

Kwa kazi yenyewe, daftari la shule la miraba linatosha kuanzia. Kila mraba kigae kimoja, na umeme ukikatika kazi haisimami. Andika kwanza shanga zako, unganisha kwa njia, ndipo uhamishie kwenye RPG Maker au Tiled, ambayo ni ya bure. Kisha mkabidhi mdogo wako acheze, nawe ukae nyuma yake kimya. Angalia anapogeuka kushoto wakati ulitaka aende kulia. Usimwelekeze kwa mdomo. Weka alama daftarini, mwache amalize, halafu ng'oa miti uliyopanda upande uliotaka aende.