Nani Amlipe Mwalimu?

Ukimwuliza mtu wa Manika au wa Dilala, hapa Kolwezi, kama yu tayari kulipa kodi kwa ajili ya shule, hucheka kwanza. Kisha naye huuliza: "Ile ya jana ilikwenda wapi?" Jibu hilo tumelisikia mara nyingi, wala hatumwiti mtu huyo mjinga. Lakini twataka kulichungua, kwa maana ndani yake mna kweli, na mna udhuru pia.

Kweli yake ni hii. Katika miaka ya 1990 serikali iliacha kuwalipa walimu sawasawa, na wazazi ndio waliobeba shule. Mtoto alipeleka franka za kumtia mwalimu moyo, na asiyepeleka alirudishwa nyumbani. Hiyo ilikuwa kodi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Tena ilikuwa kodi mbaya: mjane mwenye watoto sita aliilipa mara sita, na tajiri mwenye mtoto mmoja mara moja tu. Matunda yake yalionekana machimboni. Mwaka 2016, Amnesty International ilipoandika habari za watoto waliookota na kuosha mawe ya kobalti katika nchi hii yetu ya shaba, baadhi yao walisema kwamba wazazi hawakuwa na fedha za shule.

Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi alianza kutimiza Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kisemacho kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Madarasa yakafurika. Furaha ile tuliishiriki. Neno "bure" ndilo lisilotupendeza. Chaki hununuliwa, na mwalimu hula. Ama mzazi alipe mlangoni, ama watu wote walipe pamoja kwa kodi. Waliotangaza neno la kwanza hawakupenda kulitamka la pili. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia, lakini walimu wasiokuwamo katika orodha ya mishahara walizidi kungoja, na zile franka za wazazi zilikuwa zimekwisha katazwa.

Mwaka uo huo wa 2020 ikaja RAM, kodi iliyokatwa katika salio la simu. Nchi nzima ilinung'unika, wabunge wakahoji, na mwaka 2022 ikafutwa. Tulijifunza basi kwamba watu wakipiga kelele husikiwa.

Lakini tazameni kelele hizo zilivyonyamaza wakati wa kampeni. Kwa uchaguzi wa Desemba 2023, mgombea wa ubunge wa taifa aliweka franka 1,600,000 kabla ya kusema hata neno moja, na hizo ndizo zilizokuwa ndogo. Zikafuata fulana, vitenge, pombe, magari yenye vipaza sauti. Hatukumsikia mtu akiuliza zile zilitoka wapi, wala zitarudishwaje. (Sisi nasi tulivaa fulana moja. Ilichanika kabla ya matokeo.) Anayeogopa kuibiwa kwa kodi alimpokea kwa vigelegele mtu aliyetumia fedha nyingi kuliko mshahara wa mwalimu wa miaka mingi.

Hapo ndipo tunapoona udhuru. Sheria ya madini ya Machi 2018 imeagiza kwamba katika ushuru unaotozwa juu ya madini yanayouzwa, asilimia 50 iende serikali kuu, 25 jimboni, 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi umo. Hiyo 15 ni ya kujenga vitu vya manufaa ya wote. Haitamlipa mwalimu, mshahara wake ni jambo la hazina ya taifa, na hazina haijai pasipo kodi. Lakini darasa ni jengo, na choo cha shule ni jengo.

Desemba ile ile ya 2023 tulipiga kura pia kuwachagua washauri wa komini. Hao si wa Kinshasa. Twakutana nao sokoni, na kwenye misiba twaketi nao benchi moja. Yule anayeuliza ya jana ilikwenda wapi amempata sasa mtu wa kumwuliza, naye huenda bado anayo fulana yake.