Kuchanganya si Kukanda: Uhakiki wa Lugha ya Mageuzi ya Jeshi nchini Kongo

Mkataba uliotiwa saini Pretoria mwezi Desemba 2002 uliifungulia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kipindi cha mpito, kilichozaa Katiba ya Februari 2006 na uchaguzi mkuu wa mwaka huohuo. Miongoni mwa kazi nzito za kipindi hicho ilikuwa kuunda upya vyombo vya usalama. Majeshi yaliyokuwa yakipigana yalitakiwa kuwa jeshi moja la taifa, FARDC. Kwa kawaida mageuzi hayo hujadiliwa kwa upande wa silaha, mishahara na vyeo. Hata hivyo, maneno yaliyotumiwa kuyaeleza nayo yanafichua kasoro zake.

Neno kuu lilikuwa la Kifaransa, "brassage", lenye asili katika utengenezaji wa pombe: kukoroga vitu mbalimbali hadi viwe kinywaji kimoja. Wapiganaji wa makundi tofauti walipelekwa kambini, wakafunzwa pamoja, kisha wakapangwa katika brigedi mpya mbali na makamanda wao wa zamani. Mwaka 2007, huko Kivu ya Kaskazini, likaja neno la pili, "mixage". Safari hii askari wa Laurent Nkunda waliunganishwa na wa serikali, lakini walibaki Kivu. Mpango huo ulivunjika kabla mwaka haujaisha.

Kiswahili hutofautisha vitendo hivi barabara. Mahindi na maharage huchanganywa, na mtu akitaka huyachambua tena. Unga na maji hukandwa, wala havitenganishiki. Kwa kipimo hicho, mpango wa kwanza ulikusudiwa kuwa kukanda, na wa pili ukawa kuchanganya tu. Mapatano ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009 nayo hayakuponya kasoro hiyo: wapiganaji wa CNDP waliingizwa jeshini kwa haraka, huku mtandao wa makamanda wao ukiendelea kuishi ndani ya jeshi. Aprili 2012 sehemu yao iliasi, na kundi likajiita M23 kwa kurejea tarehe hiyohiyo.

Gharama ilionekana Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2012 maelfu ya watu waliokimbia vita walipiga kambi hapo. Mwezi Novemba, M23 iliposogea kuiteka Goma, iliwabidi wakimbie tena. Tangu 2022 wakimbizi wa ndani walijaa upya papo hapo, hadi M23 ilipoiteka Goma kwa mara ya pili Januari 2025 na kambi za kandokando ya mji zikaondolewa.

Kasoro ya pili imo katika lugha ya sheria. Kifungu cha 188 cha Katiba kinasema kwamba jeshi hulitumikia taifa zima na liko chini ya mamlaka ya kiraia. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika siku 60. Ahadi hiyo ni njema. Hata hivyo, sheria ya Agosti 2011 kuhusu jeshi iliandikwa kwa Kifaransa. Kilingala kimetawala kambini tangu enzi za Force Publique ya Wabelgiji. Naye mkulima wa Kanyaruchinya huzungumza Kiswahili na Kinyarwanda. Askari akimdai fedha njiani, mkulima anajua kwamba anaonewa, ila hana maneno ya sheria ya kumjibu.

Si haki kudai kwamba tafsiri ingeizuia M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa msaada ambao kundi hilo lilipata kutoka Rwanda. Hoja hapa ni finyu zaidi: mamlaka ya kiraia hayawezi kusimama iwapo raia mwenyewe haijui sheria inayompa mamlaka hayo.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Vifungu vya Katiba kuhusu jeshi na polisi, pamoja na sheria za 2011, vinahitaji tafsiri ya Kiswahili kinachoeleweka Kivu, yenye istilahi zilizojaribiwa kwanza kwa wasemaji wa huko kabla ya kuingizwa kamusini.